Gari la juu kwa milima yetu: namna ya kuchagua kati ya Harrier, Vanguard, X-Trail, Forester na CX-5

Ukitoka Igawilo, pembeni mwa jiji la Mbeya, kuelekea Tukuyu, barabara inaanza kupanda kuitafuta Isyonje, na asubuhi nyingi ukungu unakuwa umeshuka mpaka kwenye lami. Mbele yako kuna fuso la mbao linalojivuta gia ya pili. Ndani mko watu wazima watano, na buti limejaa sukari, mafuta ya kula na mabati ya msiba unaokwenda. Ukungu unafunguka, unaona mita mia mbili ziko wazi upande wa kulia, unakanyaga. Injini inapiga kelele, mshale wa mizunguko unapanda mpaka elfu tano, lakini gari halichomoki. Unarudi nyuma ya fuso ukiwa umetoka jasho, na watoto nyuma wamenyamaza.

Hilo lilinipata na gari langu la kwanza la aina hii. Nililichagua kwa picha, bei na kauli ya muuzaji kwamba halili mafuta. Karatasi zake zilisema nguvu farasi mia na thelathini na kitu, nikaona zinanitosha. Tangu siku ile nimesaidia ndugu na walimu wenzangu kuchagua magari yao, na kila mara naanzia palepale mlimani. Gari litakaloishi Mbeya, Iringa, Njombe au Makete lipimwe likiwa limepakia na likiwa linapanda. Ukilipima tupu kwenye tambarare utalisifia bure.

Magari ninayoyazungumzia ni yale tunayoyaita magari ya juu ya familia, au krosova: bodi na fremu yake ni kitu kimoja kama gari dogo, halina chasi ya ngazi kama Hilux au Hardtop, na urefu wake ni kati ya mita 4.3 na 4.75. Yaliyojaa kwenye barabara zetu ni Toyota Harrier, Vanguard na RAV4, Nissan X-Trail, Subaru Forester na, siku hizi, Mazda CX-5. Karibu yote yametumika Japani kwanza.

Hatua ya kwanza: andika safari zako za mwezi

Chukua daftari. Andika ulikokwenda mwezi uliopita, mlikuwa wangapi, na mlibeba nini. Usiandike safari unazozitamani, andika ulizokwenda. Mtu anayeishi Forest na kufanya kazi Mwanjelwa, zote Mbeya mjini, anayekwenda Kyela mara mbili kwa mwaka, hahitaji gari moja na bwana shamba wa Makete anayepita matope kuanzia Desemba mpaka Mei. Kurasa mbili tu, lakini zitakuokoa kwenye kila hatua inayofuata.

Hatua ya pili: jua unaangalia gari gani hasa

Neno "Harrier" peke yake halitoshi. Harrier ya 2003 hadi 2013 na Harrier iliyotoka Desemba 2013 ni magari mawili tofauti kwa injini, gia boksi na uzito. Soma kibati cha modeli kilichopigwa kwenye bodi au ndani ya chumba cha injini. Herufi na namba zake ndizo zitakazokuambia kama gari linavuta tairi nne au mbili, jambo ambalo wauzaji wengi hulikosea au hulificha.

Kwa Harrier ya zamani yenye injini ya lita 2.4, ACU30 ni ya tairi mbili na ACU35 ni ya nne. Kwa ile iliyofuata yenye injini ya 2.0, ZSU60 ni mbili na ZSU65 ni nne. Vanguard ya 2.4 ya tairi mbili ni ACA38, ya nne ni ACA33. RAV4 ya kizazi hicho ni ACA36 na ACA31. X-Trail ya 2007 hadi 2013 ikiandikwa T31 ni ya mbili, ikiandikwa NT31, au TNT31 kwa injini ya 2.5, ni ya nne. Iliyofuata ni T32 na NT32. CX-5 ya kwanza yenye petroli ya 2.0 ni KEEFW kwa mbili na KEEAW kwa nne, na ya dizeli ni KE2FW na KE2AW. Forester ya SJ5 ni ya tairi nne muda wote.

Kama kibati kimefutika, inama utazame chini. Gari la tairi nne lina propela inayotoka mbele kwenda kwenye difu ya nyuma. Hakuna propela, hakuna foo wili, hata kama nyuma pamebandikwa maandishi ya 4WD.

Hatua ya tatu: linganisha nguvu kwa hewa ya huku kwetu

Namba za nguvu farasi zilizo kwenye karatasi zinahesabiwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari, Iringa mita 1,500 na zaidi, na uwanda wa Kitulo unapita mita 2,600. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, na injini isiyo na tabo, yaani pampu ya kusukuma hewa ndani, inavuta hewa pungufu kwa kila mzunguko. Kanuni ya mafundi ni kutoa karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo ukiwa Mbeya toa kama asilimia 17, ukiwa Kitulo toa robo nzima.

Sasa weka magari yenyewe kwenye hesabu hiyo. X-Trail T31 ya 2.0 ina nguvu farasi 137 kwenye karatasi. Mbeya inabaki na kama 114. Forester SJ5 ina 148, inabaki na 123. Harrier ya 2.0 ina 151, CX-5 ya petroli 2.0 ina 155, zote zinabaki na mia na ishirini na kitu. Vanguard ya 2.4 ina 170, inabaki na 141. Harrier ya zamani ya 2.4 ina 160, inabaki na 133. Ukienda kwenye X-Trail ya 2.5 unapata 170 kama Vanguard.

Je, 114 hazitoshi? Tupige hesabu. Gari lenye watu na mzigo, jumla tani mbili, likipanda mlima unaoinuka mita 8 kwa kila mita 100 kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, linahitaji takriban nguvu farasi 50 kutoka kwenye injini. Kumbe zinatosha, tena zinabaki. Tatizo ni mahali nguvu hizo zinapopatikana. Injini ndogo isiyo na tabo inatoa nguvu zake zote ikiwa imezunguka karibu mara 6,000 kwa dakika, na hakuna mtu anayeendesha hivyo kutoka Ruaha Mbuyuni mpaka juu ya Kitonga. Kwenye mizunguko 2,500, pale unapokaa kwa kawaida, una chini ya nusu ya nguvu hizo. Ukitaka kulipita fuso lazima gia ishuke na injini ipande, na hicho ndicho kilio unachokisikia.

Ndiyo maana namba ya pili, nguvu ya kuvuta inayopimwa kwa Nm, ni muhimu zaidi kwetu, pamoja na mizunguko inapopatikana. Harrier ya 2.0 ina Nm 193, Forester na CX-5 ya petroli zina 196, X-Trail ya 2.0 ina 200 lakini inazitoa juu kwenye mizunguko 4,400. Vanguard ya 2.4 ina 224. Kisha ije CX-5 ya dizeli ya lita 2.2: Nm 420 kwenye mizunguko 2,000 tu. Hii ni zaidi ya mara mbili ya zile za petroli za 2.0, na kwa kuwa ina tabo inayosukuma hewa ndani ya injini, mwinuko hauipunguzii nguvu kama hizo nyingine. Ukiiendesha kupanda kwenda Chunya unahisi mlima umelazwa. Ila dizeli hiyo ina masharti yake, nitayaeleza kwenye mafuta.

Ushauri wangu kwenye hatua hii ni mmoja: kama mara nyingi mnasafiri wanne au watano na mzigo, injini ya petroli ya 2.0 isiyo na tabo iwe chaguo lako la mwisho kwenye gari zito kama Harrier, na linalokubalika kwenye gari jepesi zaidi kama Forester. Kama mara nyingi uko peke yako au wawili, 2.0 yoyote itakufikisha popote.

Hatua ya nne: gia boksi, pale pesa inapopotelea

Hapa naomba uende taratibu na mimi, kwa sababu kuna watu wamelipa bei ya pikipiki mpya kwa kutokujua jambo hili.

Kuna gia boksi za aina mbili kwenye magari haya. Ya kwanza ni otomatiki ya kawaida yenye gia zinazohesabika: Harrier ya zamani ya 2.4 na ndugu yake Toyota Kluger ya 2.4 zina gia nne, CX-5 ina sita. Ya pili ni CVT, ambayo haina gia za meno za kubadilisha. Ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili zinazojipanua na kujibana. Vanguard ya 2.4, X-Trail T31 ya petroli ya otomatiki na Harrier ya 2.0 ni CVT. Forester SJ5 ya otomatiki nayo ni CVT, ingawa yake inatumia mnyororo badala ya mkanda.

CVT si mbaya. Kwenye tambarare inakusaidia mafuta kwa sababu injini inakaa chini. Adui yake ni joto. Kupanda mlima mrefu na mzigo, mguu chini, mwendo mdogo, kunachemsha oili ya gia boksi. Oili ikichoka, mkanda unaanza kuteleza kwenye puli, na chuma kinalana na chuma.

Nilisimama kwenye gereji moja Mwanjelwa fundi akifungua bolti ya kumwaga oili ya gia boksi ya gari la jirani yangu. Oili ilitoka nyeusi kama kahawa iliyokaa usiku kucha. Akachovya kipande cha tishu, akakinyoosha juani, akaniita, "Mwalimu, nusa hapa." Kilinuka kama ugali ulioungua chini ya sufuria. Kisha akachomoa sumaku iliyo ndani ya sampo, lile bakuli la oili chini ya gia boksi, ikiwa imeota ndevu za chuma laini, akazipangusa kwa kidole na kunionyesha zilivyong'aa. "Hii bado inatembea," akasema, "lakini isingeona Krismasi." Gari lilikuwa na miezi minane tu tangu lishuke bandarini, na hakuna aliyewahi kugusa oili ile.

Kwa hiyo, kabla hujalipa, fundi wako aichukue oili ya gia boksi kidogo na kuiweka kwenye tishu nyeupe. Baadhi ya magari yana kijiti cha kupimia, mengine inabidi kufungua chini. Rangi ya wekundu au kijani iliyofifia si tatizo. Weusi, harufu ya kuungua na chembe zinazong'aa ni sababu ya kuondoka. Na ukishanunua, weka oili ya aina iliyoandikwa kwa gari hilo, si "oili ya otomatiki" yoyote iliyopo dukani. X-Trail T31 inataka NS-2, T32 inataka NS-3, Vanguard inataka CVTF TC, Harrier ya 2.0 inataka CVTF FE, na Harrier ya zamani ya gia nne inataka ATF T-IV. Kuweka ATF ya kawaida kwenye CVT ni kuiua kwa mkono wako. Kwa milima ya huku mimi hubadilisha kila kilomita 40,000, na kwa gari lililotoka Japani hubadilisha wiki ya kwanza bila kuuliza.

Jambo jingine la gia boksi ni kushuka. Kitonga kwa kurudi Dar es Salaam, Iwambi kwa kwenda Mbalizi, na mteremko wa Matamba kwenda Chimala wenye kona zaidi ya hamsini: huko breki zinachemka mpaka kanyagio linazama. Angalia kama gari linakupa njia ya kushikilia injini, iwe ni L, S, 2 au gia za kuchagua kwa mkono. Jaribu kwenye mteremko halisi. Ukiiweka hapo, gari lijizuie lenyewe bila wewe kukaa kwenye breki. Lisilofanya hivyo sitaki familia yangu ishuke nalo Matamba.

Hatua ya tano: mafuta, na namna ya kutodanganywa

Kila muuzaji atakuambia linakwenda kilomita 14 kwa lita. Hata Japani wana namba zao: Harrier ya 2.0 ya tairi mbili walipima 16.0, Forester SJ5 15.2, CX-5 ya dizeli ya tairi mbili 18.6. Hizo ni za maabara, gari likiwa juu ya magurudumu ya kupimia, bila Kitonga. Zitumie kulinganisha gari na gari, usizitumie kupanga bajeti.

Pima mwenyewe, au mwombe mwenye gari kama hilo mpime pamoja. Jaza tenki mpaka pampu ijikate mara ya kwanza, usiongeze. Andika kilomita. Endesha angalau kilomita 200, kisha rudi kwenye kituo kilekile, pampu ileile, jaza mpaka ijikate. Gawa kilomita kwa lita ulizoongeza. Kituo kimoja ni muhimu kwa sababu pampu hazifanani na sakafu nyingine zimelala upande.

Sasa mtego mkubwa wa huku kwetu. Mtu anatoka Mbeya anakwenda Kyela, anapima, anapata kilomita 15 kwa lita, anatangaza mtaani. Ameshuka kutoka mita 1,700 mpaka mita kama 500! Ardhi imemsukuma. Kuinua gari la tani mbili kwa mita 1,200 peke yake, ukiacha msuguano na upepo, kunakula karibu lita 3 za petroli, uwe na gari la nani. Hivyo kipimo cha kweli ni cha kwenda na kurudi. Vivyo hivyo Dar es Salaam: hesabu ya kushuka na hesabu ya kupanda hazifanani, na wengi wanasimulia ya kushuka tu.

Ukishapata namba yako, ibadilishe iwe fedha. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati, hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, na huku bei huwa juu kuliko Dar es Salaam kwa sababu ya gharama ya kusafirisha. Kwa urahisi wa hesabu tuchukue lita moja shilingi 3,000. Ukienda kilomita 1,000 kwa mwezi, gari la kilomita 9 kwa lita linakunywa lita 111, la kilomita 11 linakunywa lita 91. Tofauti ni kama shilingi 60,000 kwa mwezi, shilingi 720,000 na kidogo kwa mwaka. Ni ada ya mtoto, si fedha ya kudharau. Lakini ukienda kilomita 400 kwa mwezi, tofauti ni shilingi 24,000, na hapo sioni sababu ya kumnyima mtu injini ya 2.4.

Kumbuka pia kwamba injini ndogo iliyobanwa mlimani haiwi na ubahili wake tena. Likipakiwa kila siku, gari la 2.0 linalolia kwenye mizunguko elfu tano linaweza kunywa sawa na la 2.4 linalopanda kwa utulivu. Ndiyo maana napima nikiwa na mzigo.

Kuhusu dizeli ya CX-5: ina kichujio cha masizi kwenye ekzosi ambacho hujisafisha kwa kuunguza masizi yenyewe, na kinahitaji safari ndefu ya moto ili kufanya kazi hiyo. Gari linaloishi Mbeya mjini tu, kwa safari fupi fupi, kichujio kinaziba, oili inachanganyika na dizeli, na masizi yanajaa kwenye mirija ya kuingiza hewa. Linalokwenda Tunduma au Makambako kila wiki linajisafisha njiani. Linataka pia oili yenye majivu kidogo, iliyoandikwa DL-1 au C3. Kama safari zako ulizoandika kwenye daftari ni fupi, achana nalo hata kama umelipenda.

Na Harrier ya haibridi, inayotumia petroli na umeme pamoja: mteremko ndio rafiki yake, kwa kuwa linaposhuka linachaji betri kubwa. Betri hiyo ipo chini ya siti ya nyuma na inapozwa kwa hewa ya ndani ya gari. Vumbi la barabara ya Chunya vijijini likiziba tundu lake la hewa, betri inachemka. Ukinunua, tundu hilo lisafishwe kila unapofanya sevisi.

Hatua ya sita: nenda na futi kamba na gunia

Lita za buti zilizoandikwa kwenye vitabu hazinisaidii, kwa kuwa zinahesabu mpaka kona ambazo haziingizi kitu. Pima upana kati ya matao ya tairi za nyuma, kina kutoka mgongo wa siti hadi mlango, na urefu wa kizingiti kutoka chini, maana lumbesa ya viazi inabebwa na watu, na kizingiti kikiwa juu mgongo ndio unaolipa. Laza siti za nyuma uone kama sakafu inakuwa tambarare.

Harrier ni nzuri machoni, lakini mgongo wake umelala, na mlango wa nyuma unakata nafasi ya juu. Mkungu wa ndizi uliosimama hauingii vizuri. Forester ina pembe za mraba na madirisha makubwa. Inaingiza zaidi ya unavyodhani na unaona pande zote ukirudi nyuma kwenye uwanja wa soko la Kiwira. X-Trail T31 ndiyo niipendayo kwa mtu wa shamba: siti zake nyingi zilitengenezwa zisinywe maji, na sakafu ya buti inafutwa kwa kitambaa. Matope ya Rungwe yanatoka siku hiyohiyo.

Vanguard nyingi zina siti saba. Kaa mwenyewe kwenye siti za nyuma kabisa kabla hujamwahidi bibi. Ni za watoto, na zikisimamishwa buti linabaki la kuweka mikoba tu. Lakini kwa familia yenye watoto wanne inayokwenda kanisani na sokoni, mengi kati ya haya mengine hayawachukui kihalali.

Hatua ya saba: matope, tairi na urefu kutoka ardhini

Forester SJ5 ina milimita 220 kutoka ardhini, CX-5 ina 210, Harrier ya 2.0 ina 190. Tofauti ya sentimita tatu inaonekana ndogo mpaka upite njia iliyochimbwa na malori ya chai ikakauka.

Foo wili ya Forester inafanya kazi muda wote. Ya X-Trail ina swichi ya kuchagua mbili, otomatiki au kufunga, na Vanguard ina kitufe cha kufunga. Fungia kabla hujaingia kwenye utelezi, si baada ya kukwama. Tairi zote nne ziwe za saizi moja na zilizolika sawa, hasa kwenye Forester. Ukibadilisha moja kwa sababu imepasuka, unaifanya klachi inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma ipambane kila mita, na bei yake utaijua. Kama hutoki kwenye lami, chukua tairi mbili kwa amani, utapunguza uzito na mafuta.

Hatua ya nane: kodi

Ukiagiza mwenyewe, ushuru wa forodha ni asilimia 25. Ushuru wa bidhaa unategemea injini: asilimia 5 kwa cc 1,001 hadi 2,000, asilimia 10 ikizidi hapo. Gari lenye umri wa zaidi ya miaka 10 linaongezewa asilimia 30 ya uchakavu, la miaka 8 hadi 10 asilimia 15. Juu yake VAT asilimia 18. Kwa gari la miaka zaidi ya 10 lenye thamani ya shilingi milioni 10, kodi hizo ni kama milioni 9.9 kwa injini ya 2.0 na milioni 10.65 kwa 2.4, ukiacha tozo ndogo. Tofauti ni shilingi 737,500, inalipwa mara moja. Viwango hupitiwa kila bajeti ya Juni, na TRA, mamlaka ya mapato, hutumia thamani yake yenyewe, kwa hiyo ingiza gari lako kwenye kikokotoo chao kabla ya kutuma hata senti.

Hatua ya tisa: jaribio la mlimani

Mwambie muuzaji asiwashe injini kabla hujafika. Gusa boneti, iwe ya baridi. Huku kwetu Juni na Julai asubuhi ndiyo inayomfichua betri mbovu na injini inayokunywa oili: mwambie awashe wewe ukiwa umesimama nyuma, uone moshi. Moshi wa bluu ni oili. Injini ya 2AZ-FE iliyo kwenye RAV4 za mwaka 2006 hadi 2009 na Vanguard za mwanzo inajulikana kwa kunywa oili, hivyo chomoa kijiti utazame kiwango, na uulize oili imebadilishwa lini. Fungua rejeta ikiwa baridi. Ukikuta maji matupu yenye kutu badala ya kulanti, jua kichwa cha injini kimekuwa kikipikwa.

Kisha pakia watu wanne. Iringa, anzia Ipogolo upande kwenda mjini. Mbeya, toka Igawilo kwenda Isyonje, au shika barabara ya Chunya. Katikati ya mlima simama kabisa, ondoka tena. Gari lisitetemeke wala lisisite kabla ya kuchukua. Kanyaga mpaka chini mara moja, sekunde kumi, sikiliza: mlio upande pamoja na mwendo. Mlio ukipanda peke yake na mwendo ukabaki, mkanda wa CVT unateleza. Ukifika juu, acha injini ikiwaka dakika tano, tazama mshale wa joto na uchungulie chini kama kuna kinachodondoka. Rudi ukishuka kwa injini.

Baada ya hayo, mimi ningegawa hivi. Familia kubwa, lami nyingi, shamba mara mojamoja: Vanguard ya 2.4, ukiwa umeridhika na oili na gia boksi. Mkulima au mtumishi wa vijijini Makete, Rungwe au Mufindi: Forester SJ5, au X-Trail TNT31 ya 2.5 ukiipata safi. Mtu wa safari ndefu za kila wiki: CX-5 ya dizeli, awe na fundi anayeijua. Mtu wa mjini anayependa utulivu na uzuri: Harrier, na kama bajeti inabana, ile ya zamani ya gia nne itamvumilia kuliko anavyodhani.

Ukishalipa, usilipeleke gari Matema wikiendi hiyohiyo kuwaonyesha wazee. Lipeleke gereji kwanza: oili ya injini, oili ya gia boksi, oili ya difu, kulanti, maji ya breki, plagi, chujio la hewa. Siku hiyohiyo jaza tenki mpaka pampu ijikate, na uandike kilomita kwenye ukurasa wa tatu wa lile daftari.